Koplo Kabula na Karai la Mama Mdogo

3 Novemba

Daftari hili nililinunua kwa kazi ya Feisal, na mpaka sasa kazi ya Feisal haijapata hata mstari mmoja. Feisal ndiye mchapaji wangu pale Shinyanga mjini. Anataka kurasa nne tu, zenye kichwa "Koplo Kabula Alitoka Wapi?", kwa ajili ya sherehe ya miaka thelathini ya vitabu vyangu, tarehe 14 Desemba. Nimestaafu ukarani wa mahakama, nimerudi kitongojini kwetu huku upande wa Samuye, nina meza, nina kalamu nne. Sina kisingizio.

Kama daftari hili litaokotwa na mtu asiyemjua Kabula (sijui atakuwa ametokea wapi), basi ajue hivi. Koplo Kabula ni polisi mstaafu wa vitabuni, mwanamke, anatembea na fimbo na hampigi nayo mtu. Akishamshuku mtu humwambia, "Niletee maji ya kunywa. Vua viatu kwanza." Halafu anaongeza, "Usikimbie, sina haraka." Mtu anapita peku kwenye ua wenye tope, anarudi na kikombe, na Kabula ameshazisoma nyayo zake. Katika vitabu ishirini na viwili hakuna aliyeleta maji yale akarudi kwake salama.

Pale mjini kuna bajaji zimeandikwa mgongoni USIKIMBIE SINA HARAKA, na madereva wake wanakimbia kweli kweli. Geita wachimbaji wameliita duara lao, lile shimo la kuchimbia dhahabu, jina la Kabula. Vijitabu vyenyewe ni vya kubana kwa pini, vinasomwa hadi jalada linatoka, halafu vinasomwa bila jalada.

Nimewaambia waandishi wa habari kwamba Kabula alinijia kichwani nikiwa kwenye treni, natoka Tabora. Nimeusema uongo huo mara nyingi hadi nimeanza kuikumbuka hiyo treni.

5 Novemba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka. Sikuandika.

7 Novemba

Mvua ya kwanza! Udongo umenukia vizuri hadi mke wangu, Mariana, akatoka nje akasimama tu uani na mwiko mkononi. Jirani yetu Enock kapita na maksai wake wanne kuwajaribu kwenye plau. Wale maksai ni urithi wa ukoo wao mzima. Ndugu zake wanne wanawategemea kulima. Enock ni mtu wa watu. Ndiye aliyechimba kaburi la mume wa Mama Mdogo Limi, tena kwenye jua la saa sita. Na ni msomaji wangu nambari moja, kila tukikutana lazima anitupie kipande cha Kabula kwa kichwa. Leo kaniuliza kitabu cha ishirini na tatu kiko wapi. Nikamwambia kinakuja. Huo nao ni uongo.

9 Novemba

Alfajiri umepigwa mwano. Anayetoka mbali hajui sauti ile: ni yowe linalotoka boma hadi boma, na ukilisikia unaamka na chochote kilicho karibu na mkono wako. Mimi niliamka na mwavuli.

Maksai wa Enock hawapo! Wote wanne! Zizi liko wazi, miti ya mlangoni imepangwa pembeni. Enock amesimama katikati ya zizi analia waziwazi, mtu mzima, na kila aliyefika akalia naye kidogo. Msimu wa kulima ndio umefunguka. Kuiba maksai Novemba ni kumwibia mtu chakula cha mwaka mzima.

Watu wakaanza kufuata nyayo, nusu kitongoji, kwa kukimbia. Njia inapita nyuma ya nyumba ya Mama Mdogo Limi. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yangu, ana miaka sabini na minane, anakaa peke yake na mbuzi sita. Tulimkuta amesimama mbele ya uzio wake wa minyaa amenyanyua mikono, anapiga kelele tusikimbie. Nani wa kumsikiliza? Tukampita. Akasema kwa sauti, "Huyo mweupe anachechemea, mguu wa nyuma wa kushoto. Hamuhitaji kukimbia!"

Saa nne ikanyesha mvua ya mawe. Nyayo zote zikafutika kabla hatujafika korongoni. Tukarudi tumelowa, mwavuli wangu umegeuka ndani nje.

10 Novemba

Baada ya kanisa maneno yameanza. Maksai mweupe aliumia mguu Ijumaa jioni wakati wa kufungua nira, na Enock anasema hakumwambia mtu. Sasa Limi alijuaje? Enock ndiye aliyeuliza hilo swali, mbele ya watu, kwa upole kabisa. "Mimi simtuhumu mama wa watu. Nauliza tu." Na akishauliza "nauliza tu" mtu anayependwa, basi kesi imefunguliwa.

12 Novemba

Nimempelekea Mama Mdogo sukari. Tukaamkiana Kisukuma, mwana na mama. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, ng'wanone." Hakunitazama usoni, maana hamtazami mtu usoni huyu mama, anatazama miguu. Toka nikiwa mdogo ilikuwa inaniudhi.

Nyuma ya ghala lake kuna karai kuukuu limefunikwa kifudifudi, limezungushiwa tuta la udongo na kamfereji. Nikainama nilifunue, nikidhani kuna kifaranga kimenasa. Alinifokea! "Liache hilo! Una wazimu?" Mtu mzima mwenye wajukuu, nafokewa kwa sababu ya karai. Nilirudi nyumbani nimenuna na sukari yangu nimeacha huko huko.

15 Novemba

Mvua. Feisal kapiga simu. Sikupokea.

16 Novemba

Mvua.

18 Novemba

Maige, mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa walinzi wa hapa kwetu, alipita nyumbani. Ni mtu wa haki, ila anaogopa kelele za watu. Amesema mkutano utakuwa tarehe 7 Desemba. Kama Mama Mdogo hataeleza alijuaje, atatengwa. Ama anawajua wezi, ama anajua mambo kwa njia nyingine, na hiyo njia nyingine hakuitaja akiwa amekaa kwenye kiti changu.

Niandike maana yake. Kutengwa ni hakuna salamu. Hakuna anayekupa moto wala chumvi. Kisimani wanakungoja uondoke. Ukiugua unaugua mwenyewe, na ukifa hawaji. Mwanamke wa miaka sabini na minane hatengwi akaishi, hasa mvua hizi. Nimemuuliza Maige kama anajua hilo. Akasema, "Mwalimu, najua," na mimi wala si mwalimu, amechanganyikiwa tu.

19 Novemba

Nilikwenda kumwomba Mama Mdogo ajieleze. Alikuwa anapanga michembe, viazi vyake vya kukausha, kwenye ungo. Akasema, "Nijieleze nini? Wamenishtaki, hawajaniuliza." Nikamwambia ni kitu kimoja hicho. Akasema kwa watu waliosoma labda ni kimoja.

22 Novemba

Kisimani tayari wanamngoja aondoke. Mkutano bado na wameshaanza! Mariana amembebea ndoo mbili mchana kweupe, njia nzima, akiwasalimia kwa sauti kubwa wote wasiomsalimia yeye. Nampenda sana huyu mwanamke, na sijui kama nimewahi kumwambia.

24 Novemba

Jumapili. Enock kaomba dua kanisani kwa ajili ya "adui zangu waliojificha". Kwa mara ya kwanza sura yake imenikera, sijui kwa nini. Viatu vyake vipya, raba nyeupe. Mtu aliyeibiwa anapata wapi hamu ya raba nyeupe kwenye tope hili?

26 Novemba

Sikulala vizuri, kwa hiyo asubuhi nikaamua niandike kurasa za Feisal, na niandike ukweli ili nione unavyokaa kwenye karatasi, halafu niuchane.

Ukweli ni huu. Miaka thelathini iliyopita maksai wa baba yangu waliibwa. Nilikuwa karani kijana, nimekuja likizo na suruali ya kitambaa. Mwano ulipigwa, watu wakakimbia, na Mama Mdogo Limi akawa anawapigia kelele: "Msikimbie! Mnakanyaga!" Hawakumsikia. Akanishika mkono mimi, akaniambia wewe usikimbie, mimi sina haraka, twende. Tulitembea siku tatu. Alinionyesha ng'ombe aliyechoka anavyokanyaga, na mtu mwenye hofu anavyokanyaga. Tulifika boma moja, akamchagua mwanamume mmoja kati ya saba, akamwomba maji ya kunywa na avue viatu kwanza. Yule akaleta maji. Mama Mdogo akanywa yote, akashukuru, ndipo akamwambia ng'ombe wetu wako wapi.

Kurudi mjini nikaandika hadithi. Nikampa sare ya polisi, cheo, fimbo na Kiingereza kidogo. Sikumtaja. Nilikuwa mtu wa mahakamani. Ningesemaje kwamba akili yangu yote ni ya mama mchunga mbuzi asiyejua kusoma? Nikasema treni. Miaka thelathini, vitabu ishirini na viwili, na hajawahi kusomewa hata ukurasa mmoja. Nimeona aibu kuandika sentensi hiyo kuliko nilivyotegemea.

Nikaendelea kuandika. Nikaandika kwamba siku ile, kabla hatujaanza safari, aliufunika unyayo mmoja wa mwizi ili mvua isiuharibu. Kwenye kitabu cha kwanza Kabula anaufunika kwa kofia yake ya polisi. Lakini haikuwa kofia. Lilikuwa

karai.

Karai! Mjinga mimi! Nimemwandika mwenyewe, nimemuuza nchi nzima, halafu nimefokewa kwa karai lake nikaenda kununa! Niliondoka bila kofia, bila chai, Mariana ananiita nyuma.

Jioni, siku hiyo hiyo

Nilimkuta anakamua mbuzi. Nikamuuliza kuna nini chini ya karai. Akakamua hadi mwisho kwanza. Halafu akasema, "Umechelewa, lakini umekuja."

Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Alfajiri ile aliamka kabla ya mwano. Alizikuta nyayo mbichi nyuma ya ghala, akaufunika unyayo mmoja wa mtu kwa karai. Nyayo za mweupe zilionyesha mguu mmoja unaburuzwa. Na nyayo za mtu zilikuwa chini ya nyayo za ng'ombe, si juu yake.

"Maana yake nini, mayu?"

"Wewe si ulikwenda shule? Mwizi anaswaga ng'ombe kwa nyuma, kwa hiyo anakanyaga juu ya kwato. Huyu alikanyagwa na kwato. Alitangulia, ng'ombe wakamfuata taratibu, na mgonjwa wao hakuharakishwa. Ng'ombe wanamfuata nani hivyo?"

Nilikaa chini kwenye kinu. Wanamfuata mwenyewe. Wanamfuata anayewafungulia kila asubuhi.

"Enock kaiba ng'ombe wake?"

"Wa ukoo," alisema. "Wake ni mmoja labda."

Nikamuuliza kwa nini yuko kimya wiki mbili nzima watu wanamfanyia hivi. Nilimwuliza kwa hasira, Mungu anisamehe. Akasema kwamba yeye akimtaja Enock, hilo ni neno la bibi kizee mwenye kesi, nani atalipokea? Akisema Enock mwenyewe, limekwisha. Na tena huyo ndiye aliyemzikia mume wake, alitaka kumpa nafasi. "Nilimngoja aje. Kila siku nilichemsha chai ya watu wawili." Hapo ndipo nilipolia, na yeye akaniacha nilie bila kunitazama miguu wala uso.

28 Novemba

Nimekwenda kwa Maige kuomba Mama Mdogo apewe nafasi ya kuuliza mkutanoni. Amekataa. Kwenye mkutano wa sungusungu mshtakiwa anajibu, hahoji, tena mwanamke. "Angekuwa mtu mwenye jina," alisema, "watu wangetulia wasikilize. Lakini Limi?"

Mtu mwenye jina. Nimerudi na maneno hayo njia nzima.

1 Desemba

Nimemwambia Mariana kila kitu, treni na yote. Alidhani nina mwanamke mjini, kwa hiyo alipumua kwanza. Halafu akaniwakia. "Miaka thelathini! Kila Krismasi nampikia yule mama pilau, na wewe unakula mbele yake!" Nikasema nikitangaza sasa, wiki mbili kabla ya sherehe, nitachekwa hadi Geita. Akasema, "Chekwa." Akaenda kulala.

4 Desemba

Mvua mchana na usiku. Nalifikiria karai lile. Naomba tuta lake lisibomoke.

6 Desemba

Kesho. Mama Mdogo kaniambia nilale.

7 Desemba

Imekwisha. Mungu mkubwa. Naandika nimekula, nimeoga, na nina furaha.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, ardhi imelowa, mawingu meupe. Watu zaidi ya mia mbili. Mama Mdogo alikalishwa kwenye kigoda katikati, peku. Enock alisimama na raba zake, zimeshakuwa za kahawia, akarudia maneno yake ya upole. Maige akamuuliza Mama Mdogo anajibu nini. Akaendelea kutazama miguu ya watu. Minong'ono ikaanza, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Atengwe tu tukalime!"

Nikasimama. Nikasema: mimi ni Wiliam, mnanijua, ndimi ninayeandika habari za Koplo Kabula. Wakapiga makofi! Katikati ya kesi! Nikasema, msipige makofi. Kabula sikumtunga. Niliiba. Kabula ni huyu mmemkalisha hapo.

Kikazuka kicheko. Walicheka hadi wengine wakashikana. Mzee mmoja akasema, "Acha hizo, Kabula yupo Geita, mwanangu alimwona." Mwingine akasema si Geita, ni Buzwagi, na ni mrefu. Wakaanza kubishana wao kwa wao Kabula anakaa wapi! Mimi niliyeandika vitabu nimesimama pale na hakuna anayeniuliza mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

Ndipo Mama Mdogo aliposimama. Hakupaza sauti. Alitazama miguu ya Enock, akasema:

"Enock, baba. Niletee maji ya kunywa. Vua viatu kwanza."

Hajui kusoma. Hajawahi kusomewa. Hayo ni maneno yake tu, ya siku zote, na aliyasema kama mtu mwenye kiu. Kicheko kilikatika. Nilimwona yule mzee wa Geita anafunga mdomo. Enock hakwenda kuleta maji. Akarudi nyuma hatua moja.

Na watu mia mbili, wanawake, wanaume, wanafunzi waliokaa dirishani, wakasema kwa pamoja bila mtu kuwaongoza:

"Usikimbie, sina haraka."

Mama Mdogo alishtuka. Aligeuka akawatazama, usoni, kwa mara ya kwanza nimemwona anatazama watu usoni. Hakuelewa wameyajuaje.

Enock alikuwa anavijua vitabu vyote kwa kichwa. Alikuwa anajua hakuna aliyeleta maji yale akarudi kwake. Alikaa chini kwenye tope, akaanza kufungua kamba za raba, akaacha katikati, akasema, "Mama, usiniagize maji. Nasema mwenyewe."

Akasema yote. Alitaka kuingia kwenye duara huko Geita, jamaa walimwambia mwamba unaanza kuonyesha dhahabu. Hakuwa na cha kuingilia ila maksai wa ukoo, na ndugu zake wasingekubali. Akawapeleka hadi barabarani wakapakiwa kwenye lori. Mwamba haukuonyesha kitu. Maksai hawajachinjwa, wanavuta maji kambini, na mwenye duara yuko tayari kuwarudisha Enock akimwachia nafasi aliyonunua. Na jina la Limi alilitaja yeye kwa sababu alijua Limi ameona.

Ndugu zake walitaka kumrukia. Watu wakapiga kelele atengwe yeye. Mama Mdogo akasema, "Hatengwi mtu. Mimi nimeonja mwezi mmoja, inatosha." Maige, safari hii, hakuogopa kelele. Enock ametozwa ng'ombe wa faini, atawafuata maksai Jumatatu na ndugu wawili, na atamlimia Mama Mdogo shamba lake kwanza kabla ya la kwake.

Baadaye tulikwenda wengi nyuma ya ghala, maana niliwasimulia habari ya karai na kila mtu alitaka kuuona huo unyayo. Mama Mdogo alilifunua karai mwenyewe. Chini yake kulikuwa na tope laini, kichuguu cha mchwa na chura mmoja aliyetutazama kwa hasira. Unyayo haukuwepo!

"Mayu!" nikasema. "Uko wapi?"

"Mchwa waliumaliza wiki ya kwanza," alisema. "Lakini Enock kila siku alikuwa anapita hapa kuliangalia karai."

8 Desemba

Kisimani wamempisha Mama Mdogo mbele ya foleni. Yeye akakataa, akapanga foleni.

10 Desemba

Maksai wamerudi. Mweupe ameshapona mguu. Nimetuma kurasa nne kwa Feisal, zile za ukweli, sikuchana hata moja. Akapiga simu akiwa amekasirika, baada ya saa moja akapiga tena. "Mzee Wiliam, huyu mama atakubali kuja kwenye sherehe?" Nikamwambia aje amwombe mwenyewe, na aje na viatu rahisi kuvua.

12 Desemba

Jua zuri, Enock analima kwa Mama Mdogo, tunamsikia anawaita maksai. Nimemsomea Mama Mdogo kitabu cha kwanza chote, mimi kwenye kinu, yeye kwenye kigoda. Alisikiliza bila kunikatiza hadi pale Kabula anapofunika unyayo.

"Kofia?" akasema. "Nani anafunika unyayo kwa kofia? Maji yanapenya!"

Nikasema nitarekebisha. Aliniambia niendelee. Nilipofika mwisho aliitazama miguu yangu, soksi zangu za karani na viatu vyangu vya ngozi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi mfukoni. Hakunipa nafasi.

"Wiliam," akasema. "Niletee maji ya kunywa."

Nikavua viatu.